Barua ya wazi kwa wanafunzi wapiga picha za watu

Wanangu wapendwa,

Hongereni kwa kazi. Nimewasikia wengi wenu mkisema kwamba mnawapiga picha wenzenu ili wajiamini, nami nalipokea neno hilo kwa uzito wake wote, kwa kuwa anayekaa mbele ya kamera anakukabidhi uso wake, na namna utakavyomrudishia ndiyo itakayomfanya ajipende au ajifiche.

Linaloniuma ni hili la kung'arisha ngozi pichani. Msichana mweusi tititi anapigwa picha, anatoka mweupe kuliko mama yake mzazi, na rafiki zake wanamsifu kuwa ametokelezea. Hapo umemwambia, bila kutamka, kwamba sura aliyokuja nayo haikufaa. Najua mara nyingi mnafika huko kwa sababu picha imetoka na giza. Kamera inapopima mwanga yenyewe hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha wastani, hivyo mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta na uso ukazama gizani. Basi pimeni mwanga usoni, msogezeni mtu karibu na mlango ili nuru imwangukie kwa ubavu, na nyuma yake mtundike kitenge badala ya kuacha ukuta mtupu. Mtaona shavu na paji la uso vinavyong'aa vyenyewe, pasipo programu yoyote.

Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alitegemea sana nuru ya jua, na shuka la kitandani kwake lilikuwa pazia la nyuma. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu, na kabla ya hiyo moja Keïta alimweka sawa, akamgeuza bega, akamtafutia mikono mahali pa kutulia. Ninyi mnaweza kupiga mia kwa dakika chache, na naona wingi huo ndio unaowanyima mazungumzo. Mkalisheni mtu, mwulizeni habari za kwao, kamera ikiwa bado mapajani. Kisha achague mwenyewe picha ya kubaki na ya kufutwa. Msirushe mtandaoni sura ya mtu ambaye hajaridhia, hata kama ndiyo kazi yenu bora.

Tena, safisheni picha, yaani mzitoe kwenye karatasi. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inajulikana hadi leo kwa picha za mji wa zamani kwa sababu wapo waliozitunza. Picha iliyoko kwenye simu pekee hupotea na simu.

Mkipanga maonyesho muhula ujao, msiwabandike wanafunzi peke yao. Mpigeni picha mama lishe wa getini na mlinzi wa zamu ya usiku, mwalike na jamaa zao, muwape viti vya mbele. Kila mmoja aondoke na nakala yake, nyuma ikiwa na jina na tarehe kwa penseli laini, maana wino hupenya karatasi.

Ni mimi mzee wenu.