YAH: JINSI DEREVA WENU ALIVYOWATENDEA WANAFUNZI WETU MTONI

Kwa Meneja,

Salamu. Mimi ndiye mwalimu wa Jiografia niliyekodi basi lenu kwa ziara ya mafunzo ya mto. Masharti ya kukodi mliyaandika wenyewe, sitayarudia.

Dereva wenu alimwaga sampuli za watoto. Walitoka mtoni na matope miguuni (nani hupima kina cha maji asiloe?), akaziba mlango, akasema basi si la kubebea takataka, akawanyang'anya mifuko na kuimwaga chini. Kokoto za mto wa juu, zenye ncha, zikachanganyika na za mto wa chini, ambazo maji yamezisugua hadi zikawa duara. Somo lote lilikuwa katika kuzilinganisha!

Asubuhi alichelewa pia. Na kule kwenye kona ya mto, watoto walipokuwa wakiacha kijiti kielee majini na kuhesabu sekunde zake kwa mita 10, wajionee mkondo unavyokwenda kasi upande wa nje na kuumega ukingo, huku upande wa ndani mchanga ukitua, yeye alipiga honi mfululizo. Vipimo havikuisha.

Narudi pale mlangoni, maana hapanitoki. Binti mmoja alikuwa ameandika kila mfuko: juu, kati, chini. Alimwamkia, "Shikamoo, nimeshafuta matope." Dereva hakuitikia. Alimpokonya mifuko, akaipindua mbele ya macho yake, akazipiga kokoto teke. Mtoto akapiga magoti kuziokota, asijue tena ipi ni ya wapi. Utingo wenu akacheka.

Naomba barua ya kuwataka radhi wanafunzi, nitakayowasomea darasani. Naomba pia basi la kuwarudisha mtoni bila malipo, na dereva mwingine. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi: rudisheni fedha zote walizochanga wazazi, na dereva huyo asiendeshe tena basi lenye watoto. Zikipita siku 7 bila jibu, barua hii itafika ofisi ya elimu na kwa mamlaka inayowapa leseni, na walimu wakuu wa shule jirani watapata nakala. Wazazi wanataka kuja ofisini kwenu wenyewe. Nimewasihi wasubiri majibu yenu. Sitawasihi mara ya pili.

Wasalaam,
Mwalimu wa Jiografia