Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Utabibu kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Mkuu wa Chuo na wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana,

Shikamooni, na kwa wenyeji wetu, mwakeye.

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo. Tunajua majukumu yako yalivyo mengi, na wazazi waliosafiri toka Kakonko na Uvinza wamefurahi kukuona ana kwa ana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliingia chuoni baada ya kidato cha nne, tumesoma miaka 3, na leo tunahitimu utabibu. Wengi wetu tutapangiwa zahanati na vituo vya afya vijijini, ambako tabibu ndiye mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa, na mara nyingi ndiye wa mwisho kabla ya rufaa. Kwa sababu hiyo tumeona risala hii tuielekeze kwenye jambo moja: lugha tunayosomea na lugha tunayotibia.

Shule ya msingi tulifundishwa mwili wa binadamu kwa Kiswahili. Mapafu, figo, ini, mmeng'enyo wa chakula, vyote tulivijua kwa majina yake. Kidato cha kwanza tukaanza upya kwa Kiingereza, na chuoni tukaendelea hivyo hivyo. Hatukilalamikii Kiingereza. Mwongozo wa taifa wa matibabu tunausoma kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na barua ya rufaa tutakayoandika kwenda Bugando au Muhimbili lazima isomeke na mtaalamu wa huko. Tumekisomea kwa bidii na tutaendelea kukihitaji. Tatizo letu liko pembeni ya kitanda.

Tukiwa wodini kwenye mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi hukaa na mgonjwa, akamuuliza, akamsikiliza, kisha akaandika historia yake kwa Kiingereza. Asubuhi mkufunzi anapita, mwanafunzi anasimama kuiwasilisha. Mgonjwa amelala palepale, anasikia jina lake na jina la kijiji chake, mengine yote yanampita. Alama zinatolewa kwa uwasilishaji ule. Mazungumzo ya jana yake, yaliyozaa karatasi nzima, hakuna aliyeyasikia na hakuna aliyeyapima. Hivyo mwanafunzi anaweza kufaulu vizuri sana akiwa hajui kuuliza.

Tutoe mfano mmoja. Mama mmoja wa kijiji cha mwambao alimleta mtoto mwenye homa kali. Mwenzetu alimuuliza kama mtoto "alipata mshtuko wowote", kwa namna alivyolitafsiri swali kutoka kwenye daftari lake. Mama akasema hapana. Muuguzi wa zamu, mtu mzima, akachuchumaa mbele ya yule mama na kumshika mtoto mguu. "Mama, usiku hakukakamaa? Hakugeuza macho?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema alikakamaa alfajiri, na bibi yake akamfukiza. Degedege kwa mtoto mwenye homa ni dalili ya hatari, sawa na kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu au kulegea na kupoteza fahamu. Mtoto akaanzishiwa sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, badala ya vidonge.

Yule mama hakuwa anadanganya. Swali la kwanza hakulielewa. Na hata angelielewa, katika nyumba nyingi degedege bado linahesabiwa kuwa si ugonjwa wa hospitali, na anayemleta mtoto baada ya kumfukiza anaogopa kufokewa. Muuguzi aliuliza kwa maneno ya nyumbani na kwa sauti isiyotafuta mkosaji. Ujuzi huo hatukuusoma darasani. Tuliuona tu, kwa bahati.

Yako mengine mengi, Mheshimiwa. Mgonjwa anasema moyo unamuuma, na mkono wake uko kwenye chembe ya moyo, juu ya tumbo. Asiyemwomba aonyeshe kwa kidole ataandika maumivu ya kifua, na vidonda vya tumbo vitatafutwa kwingine. Mzee wa miaka 70 ana shida ya tezi dume, na anayemhoji ni binti wa umri wa mjukuu wake. Kwa Kiingereza swali la mkojo linatoka bila aibu. Kwa Kiswahili linataka shikamoo kwanza, linataka pazia livutwe na walioko karibu wasogee, linataka "samahani mzee wangu, haja ndogo inatoka vizuri? Usiku unaamka mara ngapi?" Akiulizwa hivyo, atasema yote. Akiulizwa vibaya ataitikia tu "ni homa, mwanangu", achukue panadol na kuondoka, na akirudi baada ya miezi atakuwa amewekewa mpira wa mkojo.

Halafu kuna dawa. Dozi ya mtu mzima ya dawa mseto ya malaria ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, siku 3. Kwenye bahasha tunaandika 4 x 2 na kumkabidhi mgonjwa. Lakini dozi ya pili inatakiwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Bibi wa Ujiji asiye na saa ya mkononi tumweleze nini? Aambiwe: "Bibi, hizi nne umeze sasa hivi adhuhuri, nne nyingine ukishaswali Isha, kisha asubuhi na jioni kesho na keshokutwa. Meza ukishakula, na mboga iwe na mawese." Halafu aombwe kurudia kwa maneno yake mwenyewe. Maelezo hayo hayachukui hata dakika mbili, na bila hayo vidonge vinabaki kwenye bahasha siku homa inapotulia.

Nchi nyingine wamelifanyia kazi jambo hili. Ujerumani, daktari aliyesomea ng'ambo hufanyiwa mtihani wa lugha ya kitabibu wa dakika 60. Dakika 20 anaongea na mgonjwa wa kuigiza kwa lugha ya kawaida, dakika 20 anaandika taarifa, na dakika 20 anamweleza daktari mwenzake kwa lugha ya kitaalamu. Sisi ile sehemu ya pili na ya tatu tunafundishwa vizuri. Ya kwanza tunaachiwa tukaijue wenyewe kazini, kana kwamba kuzaliwa na Kiswahili kunatosha.

Na hapa Kigoma Kiswahili peke yake hakitoshi. Wenzetu waliotoka Mtwara na Tanga wamekutana na bibi za Buhigwe na Kasulu wanaojieleza kwa Kiha pekee, na mkalimani akawa mjukuu wa miaka 10. Mtoto huyo anatafsiri nini bibi yake anapoulizwa kuhusu kutokwa damu ukeni? Wapo pia wagonjwa wa Kibembe wa mwambao na wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, wenye Kiswahili chao cha Kongo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba yafuatayo. Wakufunzi wakae pembeni ya kitanda walau mara moja kwa kila mwanafunzi katika kila mzunguko wa wodi, wayasikilize mazungumzo yake na mgonjwa kwa Kiswahili, na mazungumzo hayo yapewe alama zinazohesabika. Tunakuomba utufikishie hoja hii Wizara ya Afya, maana chuo peke yake hakiwezi kubadili mtaala. Tunaomba pia wauguzi wastaafu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaojua Kiha waalikwe kuwafundisha wadogo zetu, hata kwa saa moja kwa wiki. Tumeanza wenyewe daftari la maneno ya wagonjwa, namna wanavyoyataja maumivu na magonjwa yao, Kiswahili upande mmoja na Kiha upande wa pili. Limeshikwa na wengi hadi jalada limetoka. Tukisaidiwa kulihakiki na kulichapa, litawafaa wanaobaki.

Upungufu wa maji katika bweni la wasichana Mkuu wa Chuo ameshatuahidi kuushughulikia, nasi tunamwamini.

Tunawashukuru wazazi waliouza mihogo, mawese na dagaa kutulipia ada. Tunawashukuru wakufunzi wetu. Na tunawashukuru wagonjwa waliokubali kuulizwa maswali yaleyale na wanafunzi watano kwa asubuhi moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Stashahada ya Utabibu, Kigoma.