Wacheni kutafuta shahidi ni nani

Kwa Mhariri,

Wiki jana nilisoma barua ya msomaji mmoja kwenye gazeti lenu, ile ya uchunguzi wa pesa za umma, na chai yangu ikapoa mezani. Huyo ndugu hakutaja jina la mtu, hilo nakubali, lakini alisema yule anayewapelekea wapelelezi habari ni mwanamke, ni mhasibu, aliacha kazi mwezi fulani na kwao ni upande fulani. Sasa jina limebaki na kazi gani hapo? Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwa hiyo ofisi akisoma hivyo anajua ni nani, ama anadhani anajua, na kwa mambo kama haya kudhani tu kunatosha kumwumiza mtu.

Naandika kwa sababu hii kitu mimi niliiona kwa macho yangu, na mkono wangu pia ulikuwa ndani.

Ilikuwa Jumanne tarehe 17 Septemba 2013, mimi niko Eldoret kwa kinyozi. Kesi ya William Ruto, wakati huo Naibu Rais, na mtangazaji wa redio Joshua Sang, kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilikuwa imeanza wiki moja kabla kwa korti ya kimataifa ya jinai kule Hague, na siku hiyo ndio shahidi wa kwanza alikuwa anapanda kizimbani. Tivi iko juu ya kioo, watu wamejaa mpaka mlangoni, mashine ya kunyoa imezimwa na kuna jamaa amekaa pale na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Yule mama shahidi alikuwa anaeleza kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, vile watu walikuwa wamekimbilia ndani na vile lilichomwa tarehe 1 Januari 2008. Uso umefichwa, sauti imeharibiwa na mitambo isitambulike. Ikafika mahali akashindwa, akalia.

Na sisi tulikuwa tunafanya nini? Hakuna mtu alisema pole. Tulianza kubahatisha. Mmoja akasema skizeni vile analia, huyo ni mama wa fulani. Mwingine akasema hapana, huyo ni wa kule chini, alitoweka tangu mwaka jana. Hao watu wa Kiambaa si wengi, walionusurika wanajulikana mmoja mmoja, kwa hivyo kila kitu kidogo alichosema kilikuwa kinapunguza orodha. Kufikia yule jamaa amemaliziwa nusu ya pili ya kichwa tulikuwa na majina matatu. Moja kati ya hayo matatu nililitoa mimi.

Nilimtaja mama aliyekuwa anauza mboga karibu na steji. Sababu yangu ilikuwa kibanda chake kilikuwa kimefungwa kama wiki mbili, basi, hakuna kingine. Baadaye tukajua alikuwa ameenda Kitale kumwuguza dadake. Aliporudi akakuta wateja wanapita upande wa pili wa barabara, watu aliokuwa anawakopesha sukuma wiki hawamwamkui, na asubuhi moja akakuta mtu amemwekea kiberiti juu ya meza. Kiberiti tu, hakuna barua, hakuna neno. Watu wa Eldoret mnajua maana ya kiberiti baada ya 2008. Kabla ya Krismasi alikuwa amehama na watoto wake, na mpaka leo sijawahi kumpata nimwombe msamaha. Hakuwahi kuhojiwa na mtu yeyote wa Hague huyo mama, hakuwahi hata kupanda ndege.

Sasa siku iliyofuata ile ya kinyozi, Jaji Chile Eboe-Osuji wa hiyo kesi alilazimika kuonya kortini kwamba kutoa habari za kumtambulisha shahidi aliyelindwa ni kosa, kwa sababu tayari watu walikuwa wameanza kurusha jina mitandaoni. Siku moja tu ya ushahidi! Kifungu cha 70 cha Mkataba wa Roma kinasema anayeingilia shahidi anaweza kufungwa mpaka miaka mitano. Lakini kwa kinyozi nani anajua kifungu cha 70, na nani atashika mji mzima.

Watu wakiongelea vile hizo kesi zilianguka wanaruka moja kwa moja kwa pesa, nani alihongwa, nani aliitwa usiku. Na ni kweli mambo ya hongo yalikuwepo, Fatou Bensouda, kiongozi wa mashtaka wa ile korti, mwenyewe alipoondoa mashtaka ya Francis Muthaura, mshukiwa mwingine wa ghasia hizo, tarehe 11 Machi 2013 alisema shahidi wake mkuu alibadilisha maneno na akakubali alipokea hongo. Baadaye Wakenya watatu walitolewa waranti na ile korti kwa madai ya kuhonga mashahidi. Mmoja wao, wakili Paul Gicheru, alijisalimisha Novemba 2020, akakana mashtaka, kesi ikaanza Februari 2022 na akafariki Septemba mwaka huo kabla hukumu haijasomwa, kwa hivyo hata hiyo haikufika mwisho.

Lakini mimi nasema kabla ya mtu kuhongwa ama kutishwa lazima kwanza ajulikane. Mwenye bahasha ya pesa anahitaji mlango wa kubisha. Na huo mlango ni sisi tuliuonyesha, bure, bila kulipwa hata shilingi, kwa sababu tulikuwa tunaona ni stori tamu. Tulikuwa tumezoea hiyo tabia tangu bahasha ya Waki. Mnakumbuka ile bahasha? Tume ya Jaji Waki iliyochunguza zile ghasia ilimaliza ripoti Oktoba 2008, majina ya washukiwa yakawekwa kwa bahasha akapewa mpatanishi Kofi Annan, Bunge likakataa kuunda mahakama maalum hapa nyumbani Februari 2009, na Julai Annan akampelekea Ocampo, kiongozi wa mashtaka wa Hague kabla ya Bensouda. Zaidi ya miaka miwili tulilala na kuamka tukiuliza nani yuko ndani, mpaka Ocampo aliposoma majina sita tarehe 15 Desemba 2010. Tulipomaliza kubahatisha washukiwa tukahamia kwa mashahidi, na hatukuona kama kuna tofauti, na tofauti ni kubwa sana. Mshukiwa alikuwa na mawakili, walinzi na gari la vioo vyeusi. Shahidi alikuwa na mabati na mlango wa mbao.

Na alama tulizokuwa tunatumia zilikuwa za ajabu. Mtu akisafiri, ni shahidi. Akijenga, pesa ni za Hague. Akinyamaza watu wakiongea siasa, basi anaficha kitu. Akiongea sana ndio mbaya zaidi.

Najua kuna watakaoniandikia kusema wale mashahidi walikuwa wa kufundishwa, walidanganywa na ahadi ya kwenda kuishi ng'ambo. Hiyo ilikuwa hoja ya upande wa utetezi na walikuwa na haki kabisa ya kuileta. Lakini mahali pake ilikuwa kortini, loya anamwuliza shahidi maswali siku tatu, siku nne, majaji wanamwangalia usoni. Ndio maana majaji na mawakili walikuwa wanamjua jina, walikuwa wanamwona, ni sisi tu wa nje tulikuwa tumefichwa. Shahidi mwongo anashindwa kwa maswali. Kiberiti kwa meza hakitofautishi mwongo na mkweli, wote wawili wanahama.

Mwisho wake tuliuona. Mashtaka ya Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati huo, yaliondolewa Desemba 2014. Ya Ruto na Sang yalikatizwa tarehe 5 Aprili 2016, majaji wawili dhidi ya mmoja, na Bensouda akasema mashahidi 17 waliokuwa wamekubali kutoa ushahidi walijiondoa. Kumi na saba. Na hata washtakiwa hawakutoka hapo wakiwa wamesafishwa kwa hukumu, majaji walikataa kuwaachilia kama watu waliopatikana bila hatia, waliacha mlango wa kushtakiwa tena wazi. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kwa zile ghasia, na mwenye kupoteza mtoto hajaambiwa mpaka leo na korti yoyote ni nani alipanga, na waliotajwa nao wameishi na hilo swali migongoni. Hakuna upande ulioshinda hapo, mimi siuoni.

Ndio nashangaa vile hatujabadilika. Leo EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, ama wapelelezi wa DCI wakianza kuchunguza mwanasiasa swali la kwanza kwenye grupu za WhatsApp si pesa zimeenda wapi, ni nani amemwuza. Hilo neno kuuza linaniuma sana kwa sababu linamfanya anayesema alichokiona awe ndiye mwizi. Tuna Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu 2006, inaruhusu mtu ahamishwe na hata abadilishiwe utambulisho, lakini serikali itamhamisha nani kama jirani ameshamchora kwa gazeti kabla hata faili haijafika kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka? Na yule asiye shahidi, yule wa kubahatishwa tu kama mama wangu wa mboga, hiyo sheria haimjui kabisa, hana ofisi ya kukimbilia.

Mhariri, mimi siwaambii msiandike kuhusu uchunguzi. Andikeni tenda ilipewa nani, andikeni kesi imeahirishwa mara ngapi, mwulizeni mwanasiasa maswali magumu na mtaje jina lake kubwa kubwa. Lakini barua ya kuchora shahidi kwa kazi yake, kwao na mwezi aliotoka ofisini, hiyo iacheni kwa droo. Ile ya wiki jana bado iko kwenye mtandao wenu, nimeiangalia leo asubuhi, na chini yake tayari kuna watu wawili wameandika kwamba wanamjua. Naomba muitoe leo, na hayo maoni mawili pia.

Msomaji wenu,
Nakuru