Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge: usije Agosti, njoo sasa

Mheshimiwa Mbunge wetu,

Mbukwenyi. Naanza na salamu uliyotupa wewe mwenyewe siku ile chini ya mbuyu, ukapigiwa vigelegele kwa kukijua Kigogo. Nakuandikia hadharani habari za barabara yetu huku Dodoma, kwa kuwa barua mbili nilizopeleka ofisini kwako kwa mkono zilipokelewa vizuri, zikagongwa mhuri, na habari yake ikaishia hapo.

Jumanne ya wiki iliyopita tulikuwa tunavuna zabibu. Fuso la kukodi lilifika ng'ambo ya korongo saa nne asubuhi. Dereva akashuka, akavua viatu, akaingia majini na fimbo. Yalimfika kiunoni, na chini ni mchanga unaomeza tairi. Akasema tusubiri yapungue. Usiku mvua ikanyesha huko juu, korongo likazidi. Alhamisi akaondoka na nusu ya nauli yangu, na simlaumu.

Zabibu si mahindi, Mheshimiwa. Ikishakatwa haisubiri. Siku ya pili kreti za chini zikaanza kuchuruzika mchuzi, nyuki wakajaa hadi wanangu wakakimbia. Vijana wakavusha kreti kichwani, shilingi 1,000 kila moja. Nilikuwa na kreti 90. Zilizofika ng'ambo ni 62. Mnunuzi akainua moja, akanusa, akataja bei ambayo naona haya kuiandika hapa. Fedha za dawa na nguzo nilikopa kwenye kikoba, na kikoba hakijui habari za korongo.

Nakumbushia tu, pengine shughuli ni nyingi. Mwaka ule ulikuja na mafundi, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu tangu kwenye lami hadi kwetu, kilomita 14. Tulishangilia. Kilichobaki ni kigingi kimoja, jirani yangu anakifungia mbuzi. Tulipouliza tukaambiwa upembuzi yakinifu unaendelea. Kwetu kupembua uwele ni kazi ya asubuhi moja. Sikujua kuna upembuzi wa miaka minne.

Nisiseme uongo, greda huja. Huja Oktoba, wakati wa vumbi, likakwangua udongo wa juu na kuondoka bila kuchimba mfereji hata mmoja. Mvua ya Desemba ikishuka, barabara ndiyo inakuwa mfereji wenyewe. Kila mwaka inazama zaidi kuliko mashamba ya pembeni. Sasa hiyo ni barabara au ni korongo la pili?

Nimejiuliza sana kwa nini sisi. Nahisi wapangaji wanahesabu magari yanayopita, wakikuta machache wanaandika kwamba hakuna uchumi huku. Kama ndivyo, magari yapite wapi? Au labda ni kwa sababu diwani wetu hasemi. Sijui, mimi ni mkulima. Ninachojua ni kwamba tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bodaboda anayenibeba kwenda kliniki ananunua petroli hiyo hiyo, tena ya chupa, kwa bei ya juu. Basi na sisi tumo kwenye mchango, tunakosekana kwenye mgawo tu.

Sina kijicho na mji. Lami ya Dodoma hadi Babati nimeipita, ni kilomita 251 za raha. Barabara ya mzunguko wa nje tumeiona ikijengwa. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam na kufika Dodoma kwa chini ya saa nne. Hongereni. Ila zabibu zangu zilikaa siku mbili kwenye ukingo wa korongo, lami ikiwa kilomita 14 tu mbele yake.

Lami siombi. Nilikuwa nataka kuomba changarawe na mifereji, nayo naiacha. Naomba daraja mfuto tu pale korongoni, zege na mawe ya kutosha Fuso kupita maji yakiwa ya magoti. Mawe Dodoma hayanunuliwi, yamejaa. Kigoma wamejengewa madaraja kwa mawe, sisi tuliozungukwa na mawe tumekosa nini? Nguvu kazi tutatoa. Tayari wanaume wameshakubaliana kusomba mchanga kwa mikokoteni ya ng'ombe.

Jambo la mwisho. Msimu wa pili tunavuna Agosti, korongo likiwa kavu na watoto wakicheza mpira humo. Ukija wakati huo utavuka na gari lako bila kugusa breki, utauliza tatizo liko wapi, na mimi sitakuwa na la kukuonyesha. Kwa heshima zote, usije Agosti. Njoo wiki hii, maji bado yapo. Uje na viatu vya kuvua.

Ni mimi,
Mkulima wa zabibu, ng'ambo ya korongo