Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Profesa, mgeni wetu rasmi; Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu; walimu wetu; wazazi wetu; wanafunzi wenzetu: hamjambo. Pole kwa vumbi la njia, Profesa, na karibu sana.

Mwaka huu tulisoma viini vya atomu, tukaanzia nyumbani, kwa madini ya hapa. Kobalti ina protoni 27, shaba 29. Katikati ipo 28, mojawapo ya namba ambazo wanafizikia huziita za uchawi: 2, 8, 20, 28, 50, 82. (Père, padri wetu, alikunja uso kusikia uchawi, tukamweleza.) Mwaka 1949 wanafizikia Maria Goeppert Mayer na J. Hans D. Jensen walieleza siri ya namba hizo: protoni na nyutroni, chembe za kiini, hujipanga katika magamba, na gamba likijaa, kiini hutulia. Basi shaba inayopita hapa kwenye malori ina protoni moja nje ya gamba lililojaa. Kobalti imepungukiwa moja.

Shinkolobwe, mgodi wa hapa kwetu Katanga, kulichimbwa kitu cha tabia nyingine. Urani 238, protoni 92 na nyutroni 146, iko mbali na magamba yaliyojaa. Kiini chake kimerefuka kama papai, nacho huzunguka kizima. Wanafizikia Aage Bohr na Ben Mottelson walikieleza kama mwili mmoja. Hapo tulibishana mno: kama kila chembe ina njia yake, nani anazipigia ngoma zikacheza pamoja?

Jibu tulilipata kwa mwanafizikia J. P. Elliott, aliyelitoa mwaka 1958. Chukua neoni 20. Juu ya oksijeni 16, ambayo magamba yake yamejaa, zinabaki chembe nne tu. Zikivutana, mzunguko unatokea wenyewe ndani ya hesabu ya magamba. Mpiga ngoma hayupo.

Tukapima ubaoni. Ngazi mbili za kwanza za nishati ya urani 238, juu ya hali yake ya utulivu, ziko kwenye elektronivolti (kipimo cha nishati) elfu 45 na elfu 148: uwiano 3.3, karibu sawa na wa kitu kigumu kinachozunguka. Neoni inatoa 2.6. Chembe nne ni chache, ngoma haijakolea.

Kuikokotoa neoni wenyewe kumetushinda. Kompyuta tunayo moja, na umeme mnaujua. Tunaomba, Profesa, Jumamosi moja chuoni kwenu, mtufundishe kupanga matriksi, yaani jedwali la hesabu, ya chembe mbili tu; hizo nne tutahangaika nazo wenyewe.

Daftari letu liko mezani kwako. Ukurasa wa neoni una makosa. Hatukuufuta, ili uyaone.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Fizikia.