Afisa ustawi wa jamii si mgonga mihuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wanaopanga vyumba na watumishi katika hospitali zetu. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, tumemzoea afisa ustawi wa jamii kuwa ni mtu wa kumwandikia msamaha asiye na uwezo, na kweli kazi hiyo ni ya lazima, lakini yapo matibabu mengine anayoyatoa kwa mazungumzo ambayo wengi wetu hatuyajui mpaka yatufike.

Kaka yangu alifiwa na mke, akaacha kufungua duka lake la vipuri vya baiskeli kwa miezi minne. Daktari aliandika sonona, akampa vidonge, kisha akamwelekeza chumba cha ustawi wa jamii. Huko mama mmoja wa makamo alimuuliza nani anampikia, kodi ya fremu imelipwa hadi lini, na ni saa ngapi za siku zinazomlemea zaidi. Kaka alijibu kuwa ni saa kumi jioni, wakati ambao marehemu alizoea kumletea chai dukani. Basi akapewa kazi ya juma zima: kila jioni saa hiyo hiyo afungue ubao mmoja tu wa duka, akae robo saa, aandike kwenye daftari alivyojisikia. Mimi, nakiri, niliona ni mchezo. Kufikia juma la tano alikuwa akifungua mbao zote, nasi nduguze tulikuwa tumeitwa tukaelezwa kwa upole kwamba ile "jikaze, wewe mwanamume" yetu ilikuwa ikimzidishia.

Kikao cha tatu, hata hivyo, kiliharibika. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimulia usiku wa msiba, mlango ukafunguliwa mara tatu na watu wenye barua za serikali ya mtaa wakitafuta muhuri. Akanyamaza, na siku ile hakusema tena.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa: barua za msamaha zihakikiwe na karani kwenye dirisha lake, na afisa apewe walau alasiri mbili kwa juma za kukaa na wagonjwa wake bila kuingiliwa. Tulipokwenda juzi, mlango wa chumba kile ulikuwa bado hauna kitasa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam