Salamu za Noeli na Mwaka Mpya kwa majirani wa Kirumba

Tumsifu Yesu Kristo. Majirani zangu Waislamu, Asalaam aleikum. Wazee wangu wa mtaa, mwangaluka.

Kila Desemba katibu wa jumuiya huandika salamu za sikukuu, na mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi bila kuhangaika: heri, afya, amani, baraka tele, mwaka ujao uwe wa neema, basi, nimemaliza. Safari hii nimeshika simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kwenye neno "afya". Nikifika hapo mkono unagoma. Afya ya mtaa huu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe, Dokta wetu wa zahanati, tulimzika Septemba.

Heri nawatakia, tena kwa moyo wangu wote. Ila tusifichane, mwaka umetubana. Tunaishi pua na mdomo na mwalo, harufu ya dagaa inatuamsha na kutulaza, na bado mama anasimama mbele ya sado ya dagaa akihesabu hela yake mara mbili. Sato tumewaachia wenye harusi. Mchele na mafuta ya kula sihitaji kuwasimulia. Nyumba nyingi zitachinja kuku mmoja, na wageni kutoka Magu na Misungwi wako njiani. Watoto watavaa nguo za mwaka jana zilizopigwa pasi vizuri, na Mtoto Yesu pangoni hatawauliza. Haya tumeyazoea, tutavuka. Kuishi bila Dokta ndiko hatujazoea.

Mliohamia karibuni mlimkuta mzee wa mvi, anayetembea polepole na mkoba wake. Sisi wengine tunaikumbuka siku aliyofungua mlango. Sheria ya 1977 ilikuwa imezuia madaktari kuendesha zahanati binafsi za biashara, naye alikuwa mtumishi wa serikali kama wenzake. Iliporekebishwa 1991 wengi walitazama Dar es Salaam. Yeye alikodi vyumba viwili hapa hapa, kimoja cha kuonea wagonjwa na kimoja cha hadubini, akaweka benchi la mbao nje chini ya mwembe. Nani kati yetu hajalikalia benchi lile na mtoto mapajani anachemka?

Tulianza naye enzi za klorokwini, dawa ya malaria ya siku zile, tukijikuna usiku kucha. Mwaka 2001 ikaja SP, mwishoni mwa 2006 ukaja mseto. Dawa zilibadilika, swali lake la kwanza halikubadilika: "Umekula nini leo?" Nilidhani ni namna yake ya kusalimu, mpaka siku moja aliponieleza. Mseto unataka tumbo lenye chakula, tena chenye mafuta kidogo, ndipo ufanye kazi vizuri. Na mtu anayejibu "chai" saa kumi jioni hawezi kununua dawa nne. Kwa mtu huyo aliandika dawa moja, ile isiyokwepeka, na nyingine akampa kutoka kabati lake. Alitupima mfuko bila kutuvunjia heshima.

Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mji mzima ukawa matanga, tuliorudi kutoka kuzika Igoma tulimkuta mtaani akipita nyumba kwa nyumba na mashine ya presha. Hakuitwa. Aliingia, akatoa pole, akakaa chini na wafiwa, kisha akamshika mkono mama mmoja mmoja na kumpima pale pale kwenye mkeka. Mama wawili aliwaondoa usiku ule ule wakapelekwa hospitali. Wote wawili waliishi.

Na Krismasi zetu! Yeye Mwislamu, lakini tarehe 25 hakufunga hata mara moja. Muuguzi alimpa ruhusa akapike na watoto wake, mwenyewe akakaa benchini kungojea matumbo yaliyozidiwa na pilau na soda, vidole vilivyokatwa na visu, na vijana walioanguka na pikipiki. Idd ikifika, sisi tulikwenda kwake.

Sasa niseme la kwangu, mnivumilie.

Kijana wangu wa kwanza alipokuwa hajatimiza mwaka, mikono na miguu ilimvimba akawa analia usiku wote. Ukoo ulikaa. Ukasema mtoto amerogwa, na macho yakaanza kumgeukia mke wangu, maana ndiye aliyetoka mbali. Safari ya kwa mganga ilikwisha pangwa, mbuzi ametafutwa. Mimi, mwalimu wa shule, nilikaa kimya. Jirani mmoja ndiye aliyetusukuma kwa Dokta. Alimtazama mtoto, akauliza kama nyumbani kwetu kuna watoto waliofariki wakiwa wadogo, upande wangu na upande wa mama. Upande wangu walikuwepo wawili. Akachukua damu ya mtoto, kisha akataka na yetu sote wawili, ikapelekwa hospitali ya Bugando.

Majibu yalipotoka alikuja nyumbani kwa miguu, usiku, na tochi. Hakuanza na mimi. Alimwita mama yangu mzazi, akakaa naye, akamwambia: "Mama, hakuna aliyemroga mjukuu wako. Ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwanao amebeba nusu katika damu yake, mkweo amebeba nusu, wote wazima kabisa, na mtoto amezipata nusu zote mbili." Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda jikoni alikokuwa mke wangu, akakaa kando yake. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba ndoa yangu ilipona usiku ule, na aliyeiponya alikuja na tochi.

Baada ya hapo ilikuwa darasa. Penisilini mpaka mtoto afike miaka mitano, foliki asidi kila siku, maji mengi, chandarua bila kukosa, asipigwe na baridi, na homa ikipanda usingoje kuche. Kijana yule leo ni fundi umeme, mnamwita awatengenezee taa. Kila Krismasi saa saba mchana amekuwa akipeleka sahani ya pilau zahanati, tangu akiwa mdogo kiasi cha kuibeba kwa mikono miwili.

Mwezi wa saba nilimkuta Dokta ameshika fremu ya mlango, amefumba macho. Nikamwuliza, "Umechoka?" Akasema, "Joto tu, Mwalimu." Nikampa pole nikaenda zangu. Juu ya meza yake kulikuwa na mashine iliyompima kila mtu wa mtaa huu. Mimi ninayejua kusoma dalili kwenye uso wa mtoto wa darasa la kwanza sikumwambia, "Dokta, kaa chini, leo nakupima mimi." Hakuna aliyemwambia. Septemba, kiharusi kilimchukua alfajiri.

Alasiri ya siku ile ile alikuwa ameshawekwa kaburini kwao Sengerema. Miaka yote alilisubiri daraja la Kigongo na Busisi, akihesabu wajawazito waliomfikia wamechelewa kwa kungoja kivuko. Lilifunguliwa Juni, na sisi tukalivuka kumsindikiza, kilomita 3 juu ya maji kwa dakika chache. Kwenye kosta hakuna aliyesema neno.

Makaburini wakatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa awaone wafiwa. Hakuna aliyemdai. Sisi tuliodaiwa tulitazama chini, na tulikuwa wengi.

Jamani, hapa niseme wazi. Limezagaa neno kwamba Dokta alisamehe madeni yote. Hakusamehe. Daftari lipo kwa Mama Dokta, majina yapo, na yeye ni mjane mwenye kodi ya pango la vyumba viwili visivyoingiza kitu. Wema wa mtu tusiugeuze kuwa kisingizio cha kumla mjane wake. Mimi nilidaiwa 85,000 ya matibabu ya mke wangu mwaka jana. Nimelipa mara mbili, ya mwisho juzi. Mwenye elfu tano apeleke elfu tano. Kabla hujanunua kreti ya soda, pita pale kwanza. Noeli gani hiyo, tukimwimbia Mungu aliyezaliwa maskini huku tumekalia haki ya mjane?

Na afya zenu sasa ziko mikononi mwenu, kwa hiyo sikieni. Wenye umri wa arobaini kwenda juu, kapimeni presha kabla mwaka haujaisha, na mkipewa dawa msiziache mnapojisikia vizuri. Msinunue nusu dozi ya antibayotiki dukani. Shule zimefungwa, watoto wanashinda ziwani; kichocho kiko kwenye maji ya ufukweni wanakochezea, penye konokono, na kila mwaka ziwa halikosi kuchukua mtoto wa mtu. Mvua hizi za vuli zikijaza mto Mirongo, chemsheni maji ya kunywa, hata kama mkaa ni ghali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Ulizeni ofisi ya mtaa utaratibu ukoje, msingoje mgonjwa awe tayari mgongoni. Wachumba wa mtaa huu, pimeni selimundu kabla ya kutangazwa kanisani. Na anayewahudumia wengine, awe muuguzi, mwalimu, katekista, shehe au mama anayelea yatima, mwulizeni amelalaje, amekula nini. Mwulizeni na mngoje jibu.

Nawatakia Noeli yenye furaha, amani nyumbani, baraka tele, na mwaka 2026 wa neema na afya. Neno hilo nimeliandika hatimaye.

Jana kijana wangu ameniuliza sahani ataipeleka wapi safari hii. Nimemwambia palepale. Mama Dokta anaishi chumba cha nyuma, na amesema saa saba mchana atakuwa benchini.

Katibu wenu wa jumuiya,
Kirumba, Mwanza